Kiti cha Kulia

Mtaani walimwita Sponji, naye aliitika. Jina lililoandikwa kwenye kitambulisho alilitumia benki na zahanati tu. Kwingine kote lilishakufa. Kazi yake ilikuwa kuvalisha makochi. Analivua kochi nguo zake kuukuu, anang'oa pini, anakaza mikanda ya mpira iliyolegea, anaweka sponji jipya, halafu analivika kitambaa mpaka linarudi kwa mwenyewe likiwa halitambuliki. Miaka thelathini na moja aliifanya kazi hiyo akiwa na misumari midogo mdomoni, na wateja wakadhani ndiyo maana hacheki ovyo. Ukweli ni kwamba hata bila misumari alikuwa hacheki ovyo.

Aliolewa mara moja, akaachika mara moja, akasema hesabu imekaa sawa. Hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Wiki ile ile aliyoachika alishona makochi manne na stuli sita, na stuli hizo mpaka leo zipo, hazijafumuka uzi.

Jambo moja lilimpa kiburi kidogo, nalo ni kwamba alijua kusoma vikalio. Ukimpelekea kochi lako, anapitisha kiganja juu yake kama daktari anayetafuta uvimbe, halafu anakwambia habari za nyumbani kwako. Hapa anakaa mtu mmoja tu, tena kwa ubavu, anasinzia mbele ya televisheni. Huyu wa pembeni hana raha, anakaa ukingoni kama anayesubiri kuitwa jina. Wateja walicheka, ingawa wengine kicheko kiliwakatikia njiani. Kuna mama mmoja alileta kochi la watu watatu. Sponji akapapasa upande wa kulia, akapapasa wa kushoto, alipofika katikati akakuta sponji bado ni lile la dukani. Mume na mke walikuwa na pande zao, na pale kati hapakuwa pamekaliwa miaka. Alishona kama alivyoagizwa, ila katikati akaweka sponji laini kuliko pande zote mbili.

Mtu anayevijua viti vya watu kiasi hicho, ungedhani angevijua na vya mama yake. Hata yeye alidhani hivyo.

Nyumba ya wazazi wake ilijengwa miaka ya sitini. Baba yao alikuwa mchora ramani katika idara ya ujenzi, mtu wa rula na penseli iliyochongwa vizuri, na nyumba hiyo aliichora mwenyewe jioni baada ya kutoka kazini. Aliipa paa la mteremko mdogo, madirisha marefu ya vioo vya vipande vinavyofunguka kwa mkono mmoja, na ukuta wa barazani wa matofali ya matundu ambao asubuhi ulimwaga madoa ya mwanga mpaka sebuleni. Sakafu ilikuwa ya terazo, vipande vya mawe ya rangi vilivyomwagwa kwenye saruji na kusuguliwa mpaka vikang'aa. Samani zote zilikuwa za mtiki, fupifupi, zenye miguu myembamba iliyotanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama. Majirani walisema nyumba imefanana na posta. Baba alifurahi, kwa sababu kwake posta ilikuwa jengo zuri.

Baba alipofariki, Mama akachukuliwa na Kaka. Kaka ndiye mtoto wa kwanza, mwalimu wa hesabu, anakaa ghorofa ya nne na mkewe na watoto wanne. Nyumba wakapewa wapangaji, na wapangaji nao wakaifanya walivyoifanya. Miaka mitano baadaye walipohama waliacha zulia la plastiki limegandishwa kwa gundi juu ya terazo, kuta za waridi chumba kimoja na kijani ya hospitali chumba cha pili, na misumari ukutani ya kutosha kufungulia duka.

"Tuuze," Kaka alisema, akiwa amesimama mlangoni na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

"Mama atarudi," Sponji akajibu.

"Atakaa na nani?"

"Na mimi."

Kaka alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Wewe na Mama, nyumba moja? Hata Ijumaa hamtaiona."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, Kaka. Waliafikiana. Sponji apewe miezi sita aitengeneze. Mama ataletwa aione, na neno lake ndilo la mwisho. Akiikubali, anahamia. Akiikataa, inauzwa, na Sponji hafungui mdomo tena.

Kwa nini aliingia kwenye mapatano ya namna hiyo, yeye ambaye na mama yake hawakuwahi kuzungumza saa nzima bila mmoja kununa? Sababu ilikuwa kochi. Jumapili moja alikuwa kwa Kaka, Mama akaenda kunawa mikono, na Sponji kwa mazoea tu akapitisha kiganja mahali Mama alipokuwa amekaa. Kikalio kilikuwa hakijabonyea. Miaka mitano mama yake alikuwa akikaa ukingoni mwa kochi la mwanawe, amebana magoti, kama mgeni anayesubiri kuaga. Sponji alirudi nyumbani siku hiyo akashindwa kula. Alimpenda mama yake sana, tatizo ni kwamba hakuwahi kujua pa kuanzia.

Basi akaanzia sakafuni. Alipiga magoti juu ya mabaki ya sponji, akabandua zulia la plastiki kwa kisu bapa, kipande kisichozidi upana wa sahani kwa siku zile za mwanzo, mpaka terazo ikatokea: nyeupe, nyeusi, na hapa na pale punje za kijani. Aliiosha kwa sabuni na maji ya moto, akaipaka nta, akaisugua. Kwenye kuta alichukua wembe, akakwangua duara dogo nyuma ya mlango, tabaka kwa tabaka. Ikatoka waridi, ikatoka krimu, ikatoka kijani, ikatoka nyeupe chafu, na chini kabisa ikatokea manjano iliyopoa ambayo hakuwa ameiona tangu anyolewe mara ya kwanza. Alibandua kigamba chake, akakifunga kwenye karatasi, akakipeleka duka la rangi kama mtu aliyebeba dawa, akamkalisha muuzaji kutwa nzima mpaka rangi zikalingana.

Kwa kazi za mbao alimwita Futi. Futi alikuwa seremala mzee mwenye rula ya kukunja mfukoni, na kila kitu alikipima mara mbili, hata kikombe cha chai alichopewa, ili ajue kama amepunjwa. Wawili hao walifanya kazi pamoja wakigombana asubuhi na kupatana mchana.

Vilivyokosekana walivitafuta kwenye yadi za vitu vilivyotumika. Waliokota taa mbili za ukutani zenye kofia za shaba, zilizotolewa kwenye hoteli iliyobomolewa. Walipata kabati refu la chini lenye milango ya kuteleza, ambalo mwenyewe alikuwa amelifanya banda la kuku. Siku tatu walilisugua, na siku ya nne Futi akanusa droo, akasema sasa kuku wamehama. Sponji alinunua pia redio kubwa ya mbao isiyosema chochote.

"Redio bubu ya nini?" Futi aliuliza.

"Baba alikuwa nayo kama hii."

"Na yake ilikuwa bubu?"

"Siku nyingi, ndiyo. Na mwenyewe vilevile."

Mwezi wa tano wa kazi hiyo Mama alipiga simu. Si kawaida yake kupiga.

"Umefika wapi na hiyo nyumba yako?"

"Nyumba yako, Mama."

"Ingekuwa yangu ningeulizwa rangi."

"Rangi ni ile ile ya Baba. Nimeifukua."

Sponji aliwasikia wajukuu wakigombea kitu kwa nyuma.

"Na kiti changu cha kulia kipo?" Mama akauliza.

"Kipi, Mama?"

"Kwani ninavyo vingapi? Kiti changu cha kulia! Kama hakipo, sina ninachorudia huko. Nitabaki kwa kaka yako huku juu kama njiwa."

Akakata. Mama alikuwa akikata simu kama anavyofunga mlango mtu anayeogopa mbu.

Sponji alikaa na simu mkononi. Futi alikuwa anapiga randa, akasimama. "Vipi tena?"

"Anataka kiti chake cha kulia. Kisipokuwepo harudi."

"Cha kulia au cha kushoto?"

"Acha utani, Futi."

"Si utani. Sebuleni palikuwa na viti viwili, kimoja huku, kimoja huku. Labda ndicho hicho cha mkono wa kulia."

Walifikiria. Sponji akasema hapana, vile viwili Baba alivigawa zamani. Kiti cha kulia ni kiti cha mezani, cha kulia chakula. Meza ilikuwepo, imejaa mikwaruzo lakini hai, na viti vyake vilikuwa sita. Akavihesabu: vitano. Kilichopotea kilikuwa cha upande wa jikoni, na upande wa jikoni ndipo Mama alipokaa maisha yake yote, nusu anakula, nusu anaamka kuchungulia sufuria. Sponji alijipiga kifuani kwa furaha. Alikuwa amemsoma mama yake kama anavyosoma wateja.

Wiki tatu alizunguka yadi za mjini. Futi alimkatia kipande cha ubao chenye umbo la mgongo wa kiti, akawa anatembea nacho kwapani akikilinganisha na kila kiti alichokutana nacho, na watu wakaanza kumwogopa. Mwishowe, kwenye yadi moja nyuma ya gereji, akakiona. Kilikuwa na mgongo ule ule uliopinda, mtiki ule ule, rangi ya chai iliyokolea. Kilikosa kikalio na miguu ya mbele. Yeye na mwanamke mwenye yadi walivutana mpaka koo zikawakauka, wakapatana, na Sponji akarudi amekikumbatia.

"Miguu," Futi alisema, akikigeuza. "Nikiweka mbao mpya, kitaonekana kama mzee aliyevaa soksi za shule. Nataka mtiki wa zamani."

Hapo Sponji akakumbuka chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba kidogo sana, baada ya jiko, chenye dirisha moja linalotazama ukuta, mahali walipokuwa wakiweka beseni na pasi. Wapangaji walikijaza maboksi. Chini ya maboksi kulikuwa na kiti kimoja kifupi, kisicho na mikono, chenye sura mbaya, kikalio kimezama. Hakikufanana na chochote cha nyumba ile.

Futi alikipima mara mbili. "Huyu aliyetengeneza hiki si seremala," akasema. "Tazama. Vipimo vyote sawasawa, hata unywele haupiti. Lakini viungo ni vya mtu wa karatasi. Ni cha nini?"

"Cha kufulia, nafikiri. Anakaa mtu, beseni mbele."

"Mbao yake ni nzuri lakini. Hii miguu ya nyuma imepanda mpaka juu kushika mgongo. Inanitosha."

Sponji alikivua mwenyewe. Kiganja chake kilipita kwenye kikalio, na kwa mazoea akasoma: mtu mmoja, mwembamba, miaka mingi, ameinama mbele. Mtu anayefua, si ndiyo? Alipong'oa kitambaa, kwenye ufa kati ya kikalio na mgongo akakuta leso tatu, zimefinyangwa, zimekakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Akacheka. "Kulikuwa na mtu ana mafua humu," akamwambia Futi, akazitupa kwenye takataka pamoja na nyasi kavu zilizojazwa ndani. Futi akakata. Vilivyobaki vikawashiwa moto wa kuchemshia gundi.

Kiti cha sita kilitoka kizuri kuliko ndugu zake. Sponji alikivalisha kitambaa cha kijani ya majani makavu, akakiweka upande wa jikoni, akakaa barazani kwenye madoa ya mwanga, akasikia kitu ambacho hakukizoea. Ilikuwa raha.

Mama aliletwa Jumamosi asubuhi. Alishuka kwenye gari la Kaka amevaa gauni la kutokea, mkoba mkononi, akakataa kushikwa. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa. Nyayo zilipogusa terazo alisimama, akainua vidole vya miguu, akavishusha.

"Bado ina baridi," akasema.

Alipita sebuleni polepole. Aligusa ukuta. Alifungua vioo vya dirisha kwa mkono mmoja, akavifunga, akavifungua. Mbele ya redio alitingisha kichwa. "Hiyo nayo haisemi?"

"Haisemi, Mama."

"Basi ni yenyewe."

Sponji alikuwa nyuma yake. Kaka alitembea pembeni akitafuta kasoro kwa macho ya kusahihisha mtihani, asione, naye akaanza kulainika; hata alikaa kwenye kochi akasahau kusimama. Ndipo Sponji akamwongoza mama yake hadi mezani, akavuta kiti cha sita.

"Kiti chako cha kulia hiki hapa, Mama. Upande wako wa jikoni."

Mama alikitazama. Alikitazama kwa heshima, kama mtu anayeoneshwa picha ya mtoto wa jirani. "Kizuri," akasema. "Umeshona vizuri. Na changu?"

"Si ndicho hicho?"

"Kiti changu cha kulia, mwanangu." Alishasogea. Alipita jikoni, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma, na wanawe wakamfuata. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi, kisafi, kitupu. Mama alisimama katikati yake, mkoba umebanwa tumboni.

"Kilikuwa hapa," akasema. "Hapa, kimeangalia dirisha."

Kaka ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu kiti hicho kilipowekwa hapo alikuwa na miaka saba na Sponji alikuwa hajazaliwa. Uso ulimbadilika. "Yule wa katikati," akasema taratibu.

Wote wawili walijua kwamba kati yao kulikuwa na mtoto mwingine, aliyeishi miezi kumi na moja. Nyumbani walimwita yule wa katikati, tena mara chache, na kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nalia jikoni, masufuria yanaungua," Mama alisema. "Nalia chumbani, baba yenu anatoka nje, anazunguka nyumba. Hakuwa na maneno, baba yenu, alikuwa na rula. Siku moja nikarudi sokoni nikakuta kiti humu. Amekitengeneza mwenyewe, kwa mbao zilizobaki za meza. Kifupi, ili miguu yangu ifike chini. Hakina mikono, kwa sababu alisema mtu anayelia mikono yake inataka nafasi. Akaniambia, humu ndani ukiingia, hakuna atakayekuuliza. Na kweli, hakuna aliyeniuliza. Miaka yote nilikuja humu. Nikimaliza nanawa uso, napakua chakula."

Alimgeukia Kaka. "Kwako ni kuzuri, baba. Mkeo ananitunza. Lakini kule sina pa kulia. Nikikunja uso tu watoto wananizunguka, Bibi una nini, Bibi unaumwa? Baba yenu nimemzika, nikapanda ghorofani, mpaka leo sijamlilia. Miaka mitano imenikaa hapa." Akajigusa koo.

Sponji alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Angeweza kusema wapangaji walikiiba. Wazo hilo lilimjia, tena lilimjia likiwa limevaa vizuri.

"Nimekivunja, Mama," akasema. "Nilidhani ni cha kufulia. Nilikivunja kwa mikono yangu."

"Umekivunja."

"Kulikuwa na leso ndani. Nazo nimezitupa. Nikacheka, Mama. Nilicheka."

Kaka alitoa funguo za gari mfukoni bila kujua kama anazitoa, na ule mlio mdogo wa funguo ulimchoma Sponji kuliko maneno yoyote, kwa sababu aliyaelewa mapatano yao na alijua ameshindwa. Alitaka kusema samahani. Badala yake kifua kikapanda, kikakwama, na kilichotoka si samahani. Kilikuwa kilio, kikubwa, kibaya, cha mtu asiyejua kulia; kinaanza kama kikohozi na kinapiga kona. Aliziba mdomo kwa kiganja. Hakikuzibika.

Mama alimtazama binti yake wa miaka hamsini na mbili kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

"Wewe," akasema, "mara ya mwisho ulilia lini?"

Sponji alitikisa kichwa.

"Ulipoachika hukulia?"

"Nilikuwa na misumari mdomoni, Mama."

"Masikini mwanangu. Miaka yote hiyo." Mama aliweka mkoba chini. Alitoka, wakasikia kitu kinaburuzwa juu ya terazo, Kaka akakimbilia kusaidia akafukuzwa na neno moja. Mama akarudi akivuta kile kiti cha mezani, cha kijani, akakiingiza kwenye chumba kidogo, akakigeuza kiangalie dirisha.

"Kaa. Hakuna kulia wima, utaanguka."

Sponji alikaa. Alilia kwa ajili ya kiti, kisha kwa ajili ya Baba aliyekuwa akizunguka nyumba, kisha kwa ajili ya mume, kisha kwa ajili ya mambo ambayo hakuwa na majina yake, na mikono yake ilipata nafasi ya kutosha pande zote mbili. Mama alisimama nyuma yake, kiganja juu ya kichwa chake. Wala hakumwambia nyamaza.

Alipoanza kutulia, Sponji alipapasa mbele ya kikalio, chini ya magoti yake.

"Miguu hii ya mbele," akasema kwa sauti iliyochakaa, "Futi aliichonga kutoka kile kiti chako. Ni mbao ya Baba."

Mama aliinama kwa shida, mkono mmoja begani mwa binti yake. Aliushika mguu mmoja wa kiti, akatelezesha vidole kutoka juu mpaka chini, na kurudi. Alibaki pale ameinama muda mrefu, mpaka Kaka akasogea akidhani mgongo umemkatalia.

"Basi kimekua," Mama akasema.

Alijiinua. Macho yake yalikuwa yameshaanza kujaa, naye hakuyafuta.

"Inuka sasa, zamu yangu," akamwambia Sponji. Akakaa, akajisogeza nyuma kabisa mpaka mgongo ukagusa mgongo wa kiti, kisha akamwambia Kaka bila kugeuka: "Na wewe, baba, funga huo mlango unapotoka. Nguo zangu ziko kule kwako, kwenye sanduku chini ya kitanda. Usisahau dawa za macho."